Kurikodi udi nyumbani: mtu wa kujifurahisha tu atumie shilingi ngapi?

#1 Risha_ya_Udi (Fuoni)
Assalaam alaykum wadau. Mie napiga udi (ile ala ya nyuzi), sio kazi, kazi yangu ni mahesabu ya watu kutwa nzima, usiku watoto wakishalala ndo nauchukua. Mwaka wa nane huu. Sasa nataka kurikodi hapa hapa nyumbani, udi wangu na pia sauti ya bibi yangu mzaa mama, anajua nyimbo za kidumbak za harusini ambazo sijazisikia pahala pengine popote, na umri ushakwenda. Nimeweka milioni 1 na laki 8, imenichukua miezi kumi na nne. Mke wangu anasema laki 2 zinatosha, zilobaki tuezeke jiko la nyuma kabla ya masika. Rafiki yangu mwenye studio anasema chini ya milioni 3 usianze, utatupa pesa tu. Mie nimesimama katikati sijui nimsikilize nani. Sitouza nyimbo, sitaki kuwa msanii. Kwa mtu kama mie kiasi gani ni akili na kiasi gani ni kujiharibia?

#2 Mtoto_wa_Kikwajuni
W/salaam. Simu unayo? Basi ushamaliza, milioni moja na laki nane yote iende jikoni. Weka simu kwenye mto, kaa karibu, piga. Nna rikodi za simu za marehemu baba anasoma utenzi, nazisikiliza mpaka leo na sijawahi kusema laiti ingekuwa maiki nzuri.

#3 FundiWaya (Mwanakwerekwe)
#2 nakuelewa na Mungu amrehemu mzee, lakini kusoma utenzi na kupiga udi si kitu kimoja. Simu nyingi zinapandisha na kushusha sauti zenyewe bila kukuuliza. Akisoma mtu kwa sauti moja haisikiki hiyo, lakini udi ukiupiga risha kwa nguvu simu inabana, ukinyamaza inafungua, ndo unasikia pumzi ya chumba inapanda baina ya noti na noti kama mtu ana pumu. Taksim ndefu (ule upigaji wa peke yako wa kubuni papo hapo) yote inaharibika kwa hilo tu.

Sasa jibu. Unahitaji kitu cha kuingiza sauti kwenye laptopu (wengine wanaita intafesi wengine saundikadi ya nje), maiki moja, stendi, waya, hedifoni za kuziba masikio. Basi. Intafesi ndogo kama Behringer UM2 au UMC22 kwa mtu mmoja zinafanya kazi, ukitaka mbili za maiki kwa pamoja, wewe na bibi, nenda Scarlett 2i2 au UMC202HD. Usiangalie maandishi ya kHz 192 kwenye boksi (ni mara elfu ngapi kwa sekunde sauti inapimwa), CD ni kHz 44.1 na bit 16 (bit ni nafasi ya kuandikia kila kipimo) na hujawahi kuilalamikia. Intafesi ikiwa na bit 24 rikodi kwa hiyo ili usiogope kuweka sauti chini, umemaliza. Mimi nikipiga hesabu yako naona laki 8 mpaka milioni 1, stendi nzito ikiwemo. Stendi nyepesi itaanguka, nakwambia kabla.

#4 BintiNgambo
Jamani mbona kila mtu anaanza na vifaa? Anzeni na CHUMBA. Mie mwaka wa kwanza nilinunua maiki ya kondensa, AT2020, pesa zangu za kuchezea mchezo miezi mitatu, nikaja nayo nyumbani nina furaha mpaka usingizi sikupata. Nikarikodi kasida. Nikasikia kunguru. Nikasikia friji ya jirani, bodaboda mpaka kule barabarani, mtoto anakaririshwa juzuu nyumba ya tatu, na mwangwi wa ukuta wangu mwenyewe juu ya yote hayo. Kondensa inasikia kila kitu na haina huruma. Nikaiuza kwa hasara, nikanunua SM57 ya dainamiki ambayo lazima uwe karibu nayo ndo ikusikie, na mambo yakawa mambo. Kwa nyumba zetu zenye madirisha ya nondo na dari hakuna, mie nasema dainamiki moja, na pesa zinazobaki nunua magodoro.

#5 Michenzani_juu
#4 umenena. Mie nakaa ghorofani Michenzani, juu watu, chini watu, ubavuni watu. Studio yangu ni kabati la nguo. Sio utani, nafungua milango miwili ya kabati, kanga na makoti yote yako ndani, nasimamisha godoro la sufi nyuma ya mgongo wangu, naimba kuelekea nguoni. Gharama sifuri, mke wangu anataka tu nisimkunjie kanga zake. Ila kwa udi sijui, mkono wa udi mrefu utagonga mlango.

#6 Nahodha_Mstaafu
Kwani trei za mayai hamzijui? Studio kibao za mjini zimebandika trei ukutani na zimetoa nyimbo tunazicheza wote. Trei bei ya bure, muombe muuza mayai Darajani. Mnamtisha mtu kwa mambo madogo.

#7 FundiWaya
Ami heshima yako, lakini trei za mayai ni karatasi nyepesi, zinapunguza kidogo sauti nyembamba za juu na zile nzito zinapita kama hakuna kitu. Matokeo yake chumba kinakuwa kizito, kinavuma, sauti inakuwa ya ndani ya pipa. Na kelele za nje hazizuii hata chembe. Studio hizo zimetoa nyimbo nzuri kwa sababu ya mafundi wake sio kwa sababu ya trei. Na juu ya hayo ni karatasi kavu ukuta mzima karibu na nyaya za umeme, hebu fikiri mwenyewe. Kinachonyonya sauti ni kitu kizito na kinene chenye matundu, godoro, mablanketi, pamba, nguo zilizoning'inizwa zikaachana kidogo na ukuta.

#8 Nahodha_Mstaafu
Haya, fundi kasema. Trei zangu ntazirudisha kwa kuku.

#9 WeteKarafuu
Salaam kutoka Pemba. Hamjagusa kitu kimoja ambacho kwa sisi watu wa visiwani ndo cha kwanza: UNYEVU. Yakhe nilikuwa na kondensa, nimeitunza kama yai, baada ya masika ya pili ikaanza kukatakata, prrr prrr, kama mtu anakaanga dagaa ndani yake. Kondensa ndani ina utando mwembamba sana wenye chaji, hewa ikiwa na maji na chumvi chaji inavuja ndo hizo kelele. Siku ya jua kali ikapona, ikaja mvua ikarudi. Siku hizi maiki zangu zote ziko kwenye ndoo ya plastiki ya mfuniko mkali pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikishiba maji navikausha kwa moto mdogo sana. Usitumie mchele, una vumbi. Dainamiki haina habari na hayo, iko na mie tokea sijaoa. Kwa hiyo pesa unazopanga lazima uweke na za kutunza, sio za kununua tu. Ukinunua kitu cha milioni ukakiacha juu ya kabati Fuoni, miaka miwili huna kitu.

#10 Bezi_la_Sanduku
Mnajadili mamilioni wakati Siti binti Saad kasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 akaimba mbele ya ile pembe kubwa kama ya gramafoni, hakuna maiki hakuna hedifoni, na sauti yake iko mpaka leo. Ufundi uko kwa mtu, sio kwenye kifaa.

#11 kasida_na_dufu (Chake)
#10 Bombay 1928 kweli, ya pembe hapana. Makampuni makubwa yalianza kurikodi kwa umeme na maiki mwaka 1925, miaka mitatu kabla. Na jambo la pili, aliyelipia meli na studio ni kampuni, sio yeye kutoa kwenye akiba ya jiko. Mfano wako unamsaidia yule rafiki mwenye studio wa milioni 3 zaidi kuliko unavyodhani.

#12 Bezi_la_Sanduku
Ahsante kwa masahihisho, ya pembe nilidanganywa na picha. Lakini nashikilia palepale. Alifuata sauti yake ndo kampuni ikaja.

#13 Mtoto_wa_Kikwajuni
Na mie nashikilia simu.

#14 Risha_ya_Udi
Ahsanteni, nasoma yote, mengine nasoma mara mbili. Kujibu: chumba changu ni cha futi kumi kwa kumi na mbili, sakafu ya saruji, bati bila dari, dirisha moja upande wa barabara. Laptopu ninayo ya kazini naruhusiwa kuja nayo nyumbani. Bibi yuko Makunduchi, kuja mjini hataki, goti linamsumbua. Hapo ndo napokwama, maana kila mnachonitajia ni cha kusimamisha mezani.

#15 Maji_ya_Chumvi
Sasa #14 umebadilisha swali zima na hujaona. Kumbe una mambo mawili: udi wako, ambao utakuwepo mwakani na mwaka wa keshokutwa, na bibi, ambae… Mungu ampe umri. Cha kwanza hakina haraka, hata ukitumia laki 2 kila mwaka ni sawa. Cha pili ni wiki hii. Mie ningekuwa wewe ningenunua au kuazima kinasa sauti kidogo cha mkononi, kama Zoom H1n, kinaenda kwa betri mbili ndogo, kina maiki zake mbili juu, unakiweka mkekani unakaa na bibi mnakula embe. Hakuna laptopu wala waya. Nilinunua changu karibu laki 4 miaka ya nyuma, kimekwenda na mie mpaka Tumbatu.

Na kanuni yangu ya pesa kwa jumla: kitu cha kujifurahisha kisile zaidi ya kile ambacho kikiibiwa usiku utahuzunika lakini mtoto atakwenda skuli asubuhi.

#16 Michenzani_juu
Kanuni yangu nyengine. Gawa bei kwa usiku utakaokaa nacho. Kitu cha laki 6 ukikaa nacho siku mbili kwa wiki mwaka mzima ni chini ya elfu 6 kwa usiku. Mtu anatumia zaidi ya hiyo akenda Forodhani kula urojo na mishikaki na soda mbili. Kama hukai nacho hata laki 1 ni ghali.

#17 BintiNgambo
#16 hesabu hiyo ndo ilinipeleka mie kwenye kondensa, kila mtu anajiahidi siku mbili kwa wiki. Hesabu usiku ULIOPITA sio ujao. Risha_ya_Udi, mwezi ulopita umeshika udi siku ngapi?

#18 Risha_ya_Udi
Kumi na tisa. Naandika kwenye daftari.

#19 BintiNgambo
Mashallah. Basi nunua, mie nimenyamaza.

#20 Soko_la_Mitumba
Mmeacha njia ya kati, vya kutumika. Bendi za mahotelini zikivunjika au msimu wa wageni ukiisha watu wanauza. Maiki ya dainamiki haizeeki haraka, SM57 ipo tokea 1965 na bado ni ile ile, ukinunua laki 2 ukichoka unaiuza laki 2, kwa hiyo umeikodi bure. Tatizo feki, na feki ni nyingi kuliko za kweli. Nenda na mizani, kamuazime muuza viungo. SM58 (ndugu yake ya kuimbia) ya kweli ni gramu 298, SM57 gramu 284, bila waya. Feki nyingi ni nyepesi, utaona tu. Na muuzaji akikataa isipimwe, rudi kwako.

#21 kasida_na_dufu (Chake)
Hii ya mizani naichukua. Mie nilipigwa, sio hapa, dukani kabisa na risiti nikapewa. Ilikuwa nyepesi kama ya mtoto na mie nikafikiri ndo ubora. Sauti yake kama unaongea kupitia mkebe wa Kimbo.

#22 Nahodha_Mstaafu
Nirudi kwenye jiko. Mwanangu, mkeo kasema kweli. Masika hayangoji udi. Halafu hilo bati utakaloezeka jikoni ndo litakupigia ngoma Machi mpaka Mei, hutorikodi kitu. Ezeka makuti, mvua ikinyesha juu ya makuti inanong'ona tu, utarikodi na mvua yenyewe.

#23 WeteKarafuu
Makuti siku hizi ami yamepanda, na jiko la makuti na cheche! Hapana. Bati, kisha dari ya mbao nyepesi chini yake na juu ya dari utie sufi au matambara. Inasaidia joto na inasaidia mvua.

#24 Nahodha_Mstaafu
Mababu zetu wote wamepika chini ya makuti.

#25 WeteKarafuu
Na nyumba ngapi ziliungua, ami?

#26 FundiWaya
Tusihame uzi tafadhali. Jambo la umeme halijaguswa. Ukichomeka chaja ya laptopu na intafesi ukasikia mmm mmm ya chini isiyokatika, huo ni mvumo wa umeme, umeme wetu ni Hz 50 na nyumba nyingi hazina waya wa ardhi au upo kwa jina tu. Kabla hujaitukana maiki, chomoa chaja rikodi kwa betri. Mara tisa katika kumi imeondoka. Na wale mnaonunua kondensa jueni inataka volti 48 kutoka kwenye intafesi, ile UM2 inazo, lakini vile vijiwaya vya kuchomeka moja kwa moja kwenye simu vingi havina.

Halafu kuna feni. Feni ya panga ukiacha inazunguka iko kwenye rikodi, ukizima unalowa jasho na udi unateleza mkononi na nyuzi zinashuka. Mie narikodi saa tisa za usiku mpaka kabla ya adhana ya alfajiri. Ndo saa pekee mji huu unanyamaza.

#27 Mtoto_wa_Kikwajuni
Saa tisa usiku mtu ana mke na kazi ya mahesabu. Mnampa ndoa mpya.

#28 Kijana_wa_Bububu
Programu ya kurikodi je? Reaper ni bure.

#29 FundiWaya
Sio bure. Unaijaribu siku 60, baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Haikufungii siku ikipita, lakini deni ni deni. Ya bure kabisa ni Audacity. Kwa udi na sauti moja Audacity inatosha na inabaki.

#30 mwenye_studio_mdogo
Mie ndo aina ya yule rafiki mwenye studio, sio yeye lakini kazi moja. Nimtetee kidogo. Akisema milioni 3 hakudanganyi, anahesabu anachohitaji yeye: spika za kusikilizia, chumba kilichofungwa, maiki tano za ngoma, na mteja anayelipa. Fundi seremala ukimuuliza bei ya msumeno atakutajia wake. Lakini ukiniuliza mie, njoo studio na udi wako, saa mbili tatu, lipa, ondoka na kitu kizuri, pesa zilobaki ezeka. Vifaa vinakula watu. Nimeona vijana wana maiki sita na hawana wimbo mmoja ulokamilika.

#31 Michenzani_juu
Studio nilikwenda mara moja, nililipa, nikawa natazama saa ukutani kila nikikosea. Nyumbani nakosea mara arobaini na hakuna anaejua. Kwa mtu wa kujifurahisha, raha yenyewe ndo hiyo ya kukosea.

#32 Bezi_la_Sanduku
Na bibi wa Makunduchi hapandi ngazi za studio.

#33 Risha_ya_Udi
Wadau nimerudi, wiki ya tano hii. Nieleze yalotokea.

Jiko limeezekwa. Bati, samahani ami Nahodha, na dari bado. Imekula laki 9 na kidogo. Nikabakiwa na karibu laki 9. Kwa mitumba nimepata SM57, nilikwenda na mizani kweli, ikasoma 285, muuzaji akacheka akasema leo ndo mara ya kwanza kuuza maiki kwa kilo. Nikachukua na UMC22, stendi ya chuma nzito, waya na hedifoni. Yote pamoja haikufika laki 6. Udi naurikodi chumbani, magodoro mawili ya watoto nayasimamisha pembeni wakihamia kulala na mama yao, maiki shubiri moja na nusu kutoka pale shingo inapokutana na tumbo la udi. Nikiielekeza kwenye tundu inavuma, nikiisogeza juu inakuwa safi. Mambo hayo mawili, umbali na pembe, yamebadilisha sauti kuliko chochote nilichonunua.

Bibi. Jumamosi moja nilibeba kila kitu kwenye daladala mpaka Makunduchi. Alikubali mwenyewe kurikodiwa, akavaa na kanga mpya. Nikasimamisha stendi mbele yake. Akaimba kama yuko mbele ya kadhi. Maneno sawa, sauti sawa, lakini ilikuwa imekauka, na kila beti akisita ananitazama mie nikitazama laptopu. Tukaacha tukala. Mmoja wenu hapa, simtaji maana kaniomba, alikuwa kaniazima kinasa chake kidogo cha betri, nikamwambia bibi nakiweka hapa mkekani kinasikiliza, akasema haya. Akawa anachambua mchele na jirani yake kaja, wakaanza kukumbushana harusi ya nani, ndo ikatoka. Saa nzima na dakika kumi na mbili. Kuna jogoo, kuna ungo, kuna jirani anaingilia kwa kumsahihisha maneno, na wanaanza upya kwa kucheka. Nyimbo tisa, mbili sikuwahi kuzisikia hata mie.

Nimetia nakala sehemu tatu. Sijapunguza chochote.

#34 Mtoto_wa_Kikwajuni
Si nilisema? Kidude kidogo mkekani. Simu ingefanya hivo hivo.

#35 FundiWaya
Isingefanya. Kinasa kile kiwango cha sauti unakiweka mwenyewe kwa mkono, haipandi na kushuka yenyewe, ndo maana ungo na bibi wote wanasikika kila mmoja pahala pake. Risha_ya_Udi tafadhali usiondoe ungo.

#36 mwenye_studio_mdogo
Mie nimesikia jengine kabisa. Mtu katoa laki 6 kwa kitu ambacho siku ya siku hakikutumika.

#37 BintiNgambo
Kimetumika. Asingekosea na stendi asingejua kuweka mkekani. Na udi je, udi wake si anaurikodi kila usiku?

#38 Risha_ya_Udi
Kila usiku sio, umeme ukiwepo. Lakini nna swali jengine. Kinasa nishakirudisha kwa mwenyewe na bibi kasema Jumamosi ijayo jirani mwengine anakuja, yule anaejua za unyago wa zamani, nimuulize kwanza kama anaridhia. Nna laki 3 mkononi. Kuna anaejua cha mkononi cha kutumika, kizima, kinauzwa wapi?

#39 Soko_la_Mitumba
Njoo PM. Na mizani ulete.

#40 Nahodha_Mstaafu
Muulize pia bibi, jiko lake kaezeka nini.